Jaguar au Porsche? Ndinga mbili, mfuko mmoja

Wengine wakipata likizo ya Ulaya wanakimbilia Paris kupiga picha chini ya mnara, wengine Venice kupanda mitumbwi ya mapenzi. Mimi na shemeji yenu tulikwenda kuangalia vyuma vya zamani. Ndiyo, vyuma. Siku tisa, miji miwili, Coventry ya Uingereza na Stuttgart ya Ujerumani, na swali moja tu mdomoni asubuhi hadi jioni: Jaguar E-Type au Porsche 911?

Usicheke, maana swali lenyewe lilikuwa na pesa ndani yake. Shemeji yenu alikuwa na fleti aliyoinunua enzi za ubachela wake hapa Uingereza. Tulipoiuza tulikubaliana nusu ya pesa iende kwenye nyumba tunayoishi, nusu ibaki akiba. Mwenzangu akataka akiba hiyo iwe na magurudumu manne. Tumebishana miezi, jamani! Mwisho nikakubali kwa masharti mawili. Moja, liwe gari ambalo na mimi nitalitoa gereji bila kuomba ruhusa ya mtu. Pili, liwe la kuuzika siku tukikwama. Sanamu la kufutwa vumbi kila Jumapili, asahau.

Kwa nini hizi mbili? Kwa sababu ndizo mwanamume wa rika lake akifumba macho anaziona. Zote zilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, zote zina injini ya silinda sita (E-Type za mwisho zilikuwa na 12, nitafika huko), zote ni za watu wawili wanaopendana na mzigo mdogo. Na bei ya E-Type ya paa la chuma yenye injini ya lita 4.2 haipishani sana na ya 911T ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, zikiwa katika hali moja. Hapo ndipo mfuko unapoanza kuchagua.

Coventry kwanza. Nikwambie ukweli, huo si mji wa fungate. Ndege za Wajerumani ziliuteketeza usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, na kilichojengwa baadaye ni zege tupu. Lakini nenda ukaone kanisa kuu la zamani. Waliliacha bila paa, kuta tu na madirisha matupu, na ubavuni wakajenga jipya lililowekwa wakfu mwaka 1962. Tulikaa pale kimya karibu nusu saa, na sisi si watu wa kukaa kimya. Kutoka hapo unatembea kwa miguu hadi jumba la makumbusho ya usafiri, Coventry Transport Museum, wanakotunza ThrustSSC, lile dude jeusi lililovunja rekodi ya mwendo wa nchi kavu mwaka 1997 kwa kilomita 1,228 kwa saa. Shemeji yenu alilizunguka mara tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kiwanda chenyewe cha Jaguar, Browns Lane, usikitafute. Uunganishaji wa magari uliisha pale mwaka 2005 na majengo yakabomolewa. Tulipita na teksi mtaani kwake, tukaona makazi ya watu. Ukitaka kuyaona magari nenda Gaydon, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, kwenye British Motor Museum, ambako ndiko uliko mkusanyiko wa Jaguar Daimler Heritage Trust.

Hapo Gaydon ndipo nilipoanza kuelewa ugonjwa wa mume wangu. E-Type ukiiona pichani ni gari zuri. Ukisimama mbele yake ni kitu kingine kabisa. Boneti peke yake inachukua karibu nusu ya gari, ndefu, ya mviringo, kama kitu kilicholainishwa na maji ya mto. Aliyelichora, Malcolm Sayer, alitoka kwenye utengenezaji wa ndege, na alikuwa anakokotoa mikunjo yake kwa hesabu za upepo. Ndiyo maana huoni mahali ambapo mtu aliamua tu kuweka pambo. Mwaka 1996 jumba la sanaa la MoMA la New York liliingiza E-Type moja ya buluu katika mkusanyiko wake wa kudumu, na sioni ajabu.

Lilivyozinduliwa nalo ni sinema. Machi 1961, maonyesho ya Geneva. Gari la paa la chuma liliendeshwa kutoka Coventry na Bob Berry, likafika dakika chache tu kabla ya waandishi wa habari kuonyeshwa. Likawalewesha watu. Foleni ya kutaka kulijaribu ikawa ndefu mno, ikabidi apigiwe simu Norman Dewis, mjaribu magari wa kampuni, aondoke Coventry jioni hiyohiyo na lile la wazi, aendeshe usiku kucha hadi Uswisi. Akafika asubuhi. Na bei? Zaidi kidogo ya pauni 2,000, kwa gari lililotangazwa kufika maili 150 kwa saa, yaani kilomita 241. Wenye Ferrari na Aston Martin walikuwa wamelipa karibu mara mbili ya hiyo kwa mwendo wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kuliendesha. Tulikodi E-Type ya 4.2 kwa siku moja, ya paa la chuma, kijivu, viti vyekundu. Kuingia tu ni mtihani. Kizingiti cha mlango ni kipana kama benchi, kwa hiyo kama umevaa sketi ya kubana, dada, pole. Mbele ya kioo kuna waipa tatu, si mbili, kwa sababu kioo ni kifupi kwenda juu na kipana kwenda pembeni. Mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu kama wa kabati, na mizigo ya wikiendi ya watu wawili inakaa vizuri kabisa. Tukaishika Fosse Way, barabara waliyoichora Warumi, imenyooka mashambani kama uzi, hadi kilipo kinu cha upepo cha Chesterton, cha mawe, cha karne ya 17, kimesimama kilimani juu ya matao.

Alianza yeye, na muda wote alikuwa anatabasamu peke yake. Nilipokamata mimi, klachi ikanikumbusha mguu wangu wa kushoto upo. Lakini ukishaingia gia ya tatu, hiyo injini haikuombi kitu. Inavuta tu, polepole na kwa nguvu, kama boti kubwa inayoondoka gatini. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, boneti yote inang'aa mbele yangu. Nilielewa, nakwambia.

Tatizo likaanza kesho yake, tulipokwenda kuangalia za kuuzwa. Muuzaji wa kwanza alikuwa na moja nyekundu inayometa. Fundi tuliyemlipa aje nasi hakuangalia rangi hata kidogo. Alitoa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaipitisha chini ya milango. Ikashika, ikashika, ikaacha. Pale ilipoacha hapakuwa na bati, palikuwa na puti. Akainama, akatazama sakafu, akatazama fremu ya mabomba ya chuma inayobeba injini kwa mbele, akasimama, akajifuta mikono, akatuambia twende tukanywe chai. Huko kwenye chai akatufundisha. Bodi ya E-Type ndiyo chesisi yake kuanzia kioo cha mbele kurudi nyuma, kwa hiyo vizingiti vikioza si urembo ulioharibika, ni mifupa. Boneti imeungwa kwa vipande kadhaa, na ikipigwa, kuirudisha ni pesa ya kulia. Breki za nyuma zimefichwa ndani, ubavuni mwa difu, na kuzifikia ni kazi ya siku nzima. Injini sasa, hiyo XK ya silinda sita, haina shida: imara, spea zipo tele, mafundi wanaoijua wapo kila mkoa wa Uingereza.

Ukiwa unatafuta ya kuweka na kupanda thamani, watu wanagombania zile za mwanzo kabisa za 1961, zenye vifungo vya boneti nje na sakafu bapa. Zinauzwa ghali kwa sababu ni chache. Kwa kukaa ndani ni mateso kwa mtu mrefu, na gia namba moja haiingii kiungwana mpaka gari lisimame. Kwangu mimi ya kununua ni ya 4.2, iliyotoka kuanzia Oktoba 1964: giaboksi bora, viti bora, breki bora, umeme afadhali. Za kuanzia 1968 walizibadilisha taa na bampa kwa sababu ya sheria za Marekani, zikapoteza kidogo ule uso. Za V12, 1971 hadi zilipokoma katikati ya muongo huo, ni tamu kwa safari ndefu ila zinakunywa petroli kama zimetumwa. Za wazi daima ni ghali kuliko za paa. Ajabu, maana ya paa ndiyo nzuri zaidi. Hilo mtanisamehe, ni jicho langu.

Baada ya hapo Stuttgart. Huu ndio mji wa kwenda na mpenzi wako, hata kama hamtaki kusikia habari ya injini. Umekaa kwenye bakuli la vilima, na mizabibu inashuka hadi karibu na katikati ya mji. Jioni pandeni mnara wa televisheni, Fernsehturm, uliofunguliwa 1956, wa kwanza wa zege wa aina yake duniani. Kule juu kuna upepo wa kutosha kumshika mtu mkono bila sababu. Chakula chao cha huko kinaitwa Maultaschen, mfano wa sambusa za kuchemsha. Wenyewe wanatania kwamba watawa walifunga nyama ndani ya unga wakati wa Kwaresima ili Mungu asiione. Kwa wasiokula nguruwe, ulizeni kwanza kilichomo, maana mara nyingi yumo.

Jina la mji lenyewe linatokana na shamba la kuzalisha farasi, na ndiyo sababu ya yule farasi katikati ya nembo ya Porsche. Panda treni ya S6 kutoka kituo kikuu, ushuke Neuwirtshaus, na ukiinua kichwa makumbusho hayo hapo: jengo jeupe zito lililokaa juu ya nguzo tatu kama linataka kuruka. Limefunguliwa tangu 2009, na Jumatatu linafungwa, msije mkaumbuka. Tofauti na Coventry, kiwanda kiko ng'ambo ya barabara na bado kinafanya kazi. 911 mpya zinatoka mlangoni mbele ya macho yako. Nilimwangalia shemeji yenu, akaelewa ninachofikiri. Jaguar ya leo ni mali ya Tata ya India tangu 2008, na mwishoni mwa 2024 iliacha kuuza magari mapya Uingereza ili ianze upya na ya umeme. Mmoja wa magari haya mawili ana familia inayoendelea, mwingine ana makumbusho.

911 ilionyeshwa Frankfurt Septemba 1963 ikiitwa 901. Peugeot wakaja juu: namba tatu zenye sifuri katikati ni zetu. Porsche wakabadilisha sifuri ikawa moja, basi, likapatikana jina maarufu kuliko yote kwenye magari ya spoti. Zilizokwisha kutengenezwa kwa jina la zamani zilikuwa 82. Moja yake, namba 57, ilikutwa mwaka 2014 imeozea ghalani huko Ujerumani, kutu tupu, mabawa ya mbele hayapo. Makumbusho wakainunua, wakaitengeneza miaka mitatu, wakaionyesha Desemba 2017. Unaona jinsi hawa watu wanavyokumbuka vitu vyao?

Mchoraji wake, Ferdinand Alexander Porsche, alikuwa mjukuu wa mwanzilishi, kijana wa ishirini na kitu. Ukiweka 911 karibu na E-Type inaonekana kama chura karibu na swala. Injini iko nyuma kabisa, inapozwa kwa upepo, na za mwanzo zilikuwa na lita 2 na nguvu za farasi 130 tu, dhidi ya 265 walizotangaza Jaguar. Uzito wa nyuma huo uliwatesa wahandisi: kwenye kona, ukiogopa na kuachia mafuta ghafla, mkia unataka kukupita. Katika miaka ya mwanzo walifikia kuficha vyuma vizito kwenye kona za bampa ya mbele ili kuituliza pua. Kuanzia za 1969 wakasogeza magurudumu ya nyuma milimita 57, gari likapata adabu. Kwa hiyo za kabla ya hapo, zenye msingi mfupi, ni za mkusanyaji anayejua anachokifanya.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna la kusema juu ya gari hili. Kwenye Safari Rally, 911 ilishika nafasi ya pili mara tatu: 1972 na Zasada, 1974 na Waldegård, 1978 na Vic Preston Jr. wa Kenya. Haikushinda hata mara moja! Ilisubiri hadi mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, ambako Waldegård huyohuyo, akiwa babu, aliishinda 2011 kwa 911. Gari linaloweza kupita tope la Kenya kwa siku kadhaa halitashindwa na mvua ya Uingereza.

Tuliyoiendesha ilikuwa 911T ya 1972, usukani kushoto, rangi ya chungwa. Tulizunguka Solitude, pembeni mwa mji, kilomita 11.4 za barabara ya kawaida ambazo hadi 1965 zilikuwa uwanja wa mashindano. Porsche wenyewe walishinda mbio za Formula One pale mwaka 1962, ingawa hazikuhesabiwa kwenye ubingwa wa dunia. Safari hii nilianza mimi. Unakaa wima, unaona kona zote nne za gari, unawasha ufunguo kwa mkono wa kushoto. Usukani unaongea: jani likipita chini ya tairi unalijua. Baada ya kona tano nilikuwa naimba. Baada ya kumi shemeji yenu aliacha kushika mlango. Nyuma kuna viti viwili vidogo, vya mtoto kabisa, na hilo nililiona kabla yake.

Gari la mwaka huo lina kichekesho chake. Mfuniko wa kujazia oili uko nje, nyuma ya mlango wa kulia, na wahudumu wa vituo vya mafuta walikuwa wanakosea na kumimina petroli humo. Mwaka uliofuata Porsche wakaurudisha ndani. Na oili yake inapimwa injini ikiwa ya moto na inazunguka, gari likiwa sehemu tambarare. Ukiipima ikiwa baridi itakudanganya, utaongeza, utaharibu.

Kutu ipo hukuhuku, msidanganywe na sifa za Mjerumani. Bati lote la bodi halikuanza kupakwa zinki mpaka katikati ya miaka ya 1970. Angalia vizingiti, angalia chini ya betri, angalia nyuma pale zinapoingia zile nondo za kujinyonga zinazofanya kazi ya springi. Ukitaka ufalme, kuna Carrera RS ya 2.7 ya 1973, iliyotengenezwa 1,580, lakini bei yake ni ya nyumba na shamba. Ukiwa na mshiko mdogo, iulizie 912, bodi ileile na injini ya silinda nne.

Makaratasi nayo ni nusu ya bei. Kwa zote mbili, namba ya injini na ya chesisi zilingane na za kiwandani. Heritage Trust wanatoa cheti cha Jaguar kinachoeleza rangi ya kwanza, tarehe na mahali lilipopelekwa. Porsche nao wana rekodi zao. E-Type nyingi zilikwenda Marekani, zikarudi Uingereza na kuhamishiwa usukani kulia, kwa hiyo ulizeni. Kuliingiza Uingereza gari lililozidi miaka 30 na kubaki katika asili yake hakuna ushuru wa forodha, unalipa VAT ya asilimia 5. Likizidi miaka 40, kodi ya barabara hakuna. Faida ukiuza haikatwi kodi ya mtaji, maana serikali yao inahesabu gari kuwa kitu kinachochakaa. Nyumbani ni hadithi nyingine: Kenya haipokei gari la zaidi ya miaka 8, Tanzania inalipa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru. Mnaotaka kuyaona bila kuyanunua, nendeni Nairobi kwenye Concours d'Elegance, yamejaa.

Usiku wa mwisho, mezani, tulipiga kura kwenye vikaratasi kama watoto wa shule. Mimi niliandika Porsche. Naye akaandika Porsche, ila alichukua muda mrefu mno kuandika, na karatasi yake ilikuwa na neno lililokatwa. Nikamuuliza. Akasema Jaguar angekuwa anaitazama, hii tutakuwa tunakwenda nayo mahali. Kisha akaagiza bia nyingine akageukia dirisha. Sikumsemesha kwa muda.

Sasa kuna 911T moja, ya 1972, nje kidogo ya Stuttgart, namba zote zinalingana, mwenyewe anayo tangu zamani. Tumemlipa fundi aiinue juu aikague, hasa kule nyuma kwenye nondo. Ripoti inakuja Alhamisi. Ikiwa imeoza hatuinunui, na tumeshaandikiana: zamu inayofuata ni yake, tunarudi Coventry na sumaku mfukoni.